Mbele kwa Njia Mbaya, Nyuma kwa Njia Nyingi

Hotuba ya fundi wa tairi mbele ya waendesha pikipiki wa kisiwani, Likoni na Kwale, mjini Mombasa. Imeandikwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaamu alaykum. Na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu wanne mlioketi safu ya mbele na kofia zenu magotini, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: nimepewa nusu saa. Mimi ni mtu wa spana na maji ya sabuni, kipaza sauti sikukizoea, basi mtanivumilia nikianza na umbea.

Leo asubuhi nimevuka na feri kutoka Likoni. Humo ndani nikafanya kazi ninayoifanya kila siku bila malipo: kutazama tairi za watu. Karibu yangu palikuwa na skrambla saba, zile pikipiki za kwenda lami na nyika pia. Tano zimevaa tairi za meno makubwa, yale marefu yaliyoachana, ukiyaona utadhani mwenyewe anatoka Marsabit, kule kaskazini, usiku huohuo. Nikainama kama mtu aliyeangusha sarafu. Meno ya katikati yameliwa, yamebaki visiki. Meno ya pembeni yana vinywele. Mnavijua? Vile vinyuzi vya mpira tairi inavyotoka navyo kiwandani. Vinywele vingali vizima! Tairi hiyo haijalala kwenye kona hata siku moja, haijazama mchangani, haijasuguliwa na kokoto. Imekwenda Nyali ikarudi. Imekwenda Changamwe ikarudi. Imepigwa picha ufukweni Mama Ngina.

Feri ikatia nanga, mlango ukashuka. Ule mlango ni chuma, umelowa maji ya chumvi, na juu yake dizeli ya matatu na malori inadondoka tangu alfajiri. Mmoja wa wale watano akagusa breki ya mbele, akagusa tu, na pikipiki ikalala chini kama mbuzi aliyechoka. Hakuumia mwili, alhamdulillahi. Heshima ndiyo iliyochunika. Nami nikajiambia, hotuba yangu nimeshaipata, tena bure.

Neno langu leo ni moja, mengine yote yatalizunguka hilo. Tairi ya mbele inunulieni njia yenu mbaya. Tairi ya nyuma inunulieni njia yenu iliyo nyingi. Mtu akinunua zote mbili kwa kutazama picha ukutani dukani, au kwa kumtazama jirani, mimi nitaendelea kupata kazi ya kunyosha usukani, na sijalalamika.

Turudi nyuma kidogo. Wazo la pikipiki moja kwenda lami na nyika si la juzi. Yamaha walitoa DT-1 mwaka 1968, na hapo watu wa kawaida wakaanza kununua pikipiki nyepesi iendayo kazini Jumatatu na porini Jumamosi. Mwaka 1979, mbio za kwanza za Paris hadi Dakar zilichukuliwa na Mfaransa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500, silinda moja tu. Mwaka 1980 BMW wakatoa R80 G/S, na hizo herufi G na S ni za Kijerumani, maana yake nyika na barabara. Hapa kwetu kishindo kilikuja 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Boda zikafurika. Na tuseme kweli, boda yako hiyo yenye rimu za inchi 17 au 18, inayotoka Ukunda kwa lami ikaingia ndani kumshusha mama na kuku wake, inafanya kazi ileile ya skrambla, ila haina jina kubwa. Kwa hiyo asinitoke mtu hapa akisema mambo haya ni ya matajiri wa pikipiki kubwa.

Nyosheni viganja. Haya, tazameni. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi sana kiganja hicho. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Roho yako, mke wako aliye nyuma, gunia la mahindi, vyote vimeshikwa na viganja viwili. Sasa tenganisha vidole. Hayo ndiyo meno, na hayo katikati ndiyo mapengo. Juu ya lami, pengo halishiki kitu. Mpira ndio unaoshika. Ukinunua tairi ambayo karibu nusu yake ni pengo, kwenye lami umeuza nusu ya kiganja.

Tena jino refu lina tabia yake. Ukipiga breki kwenye lami linapinda, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Likipinda linapata moto, likipata moto linaisha, na haliishi sawasawa: upande mmoja unaliwa, mwingine unabaki umesimama. Ndipo usukani unaanza kutetemeka na tairi kulia wuu-wuu ukifika kasi ya 60. Watu wananiletea pikipiki wakidai beringi zimekufa. Beringi nzima kabisa, ni meno yanaimba.

Lakini kwenye kokoto na mchanga, pengo ndilo linalofanya kazi. Jino linazama, linang'ata, na udongo unapata pa kupitia. Tairi ya lami yenye mifereji myembamba ukiitia kwenye tope inajaa mara moja, inakuwa duara la udongo, na wewe sasa unaendesha chungu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: unakwenda wapi? Nao udongo wa pwani yetu haufanani. Tutoke baharini tupande bara, pole pole, mtaniambia kama nasema uongo.

Huku chini tumekaa juu ya matumbawe. Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe, na Fort Jesus ilijengwa kwa hilohilo tangu 1593. Ingia njia za ndani za Tiwi, Diani, Shanzu, Kikambala, jiwe linachomoza ardhini na lina makali kama chaza. Hapo kuteleza si shida kubwa. Shida ni ubavu wa tairi kuchanwa. Ubavu ukichanika hakuna kiraka, hakuna dua, ni kununua nyingine. Kwa njia hizo usiniulize meno, niulize matabaka. Imeandikwa ubavuni 4PR au 6PR, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ubavu unavyokuwa mgumu kukatika. Ni mzito zaidi, na safari itakugonga mgongo kidogo. Vumilia.

Kisha mchanga. Wa Msambweni mnaujua, na njia za ndani za Kilifi pia. Mchangani tairi ya mbele ndiyo nahodha. Ikikosa meno inaelea, inakwenda inakotaka yenyewe, na wewe unafuata kama abiria. Na hapa ukubwa wa rimu nao unasema. Inchi 21 mbele, kama za DT125 na XTZ125 za Yamaha, au Himalayan ya Royal Enfield, inapanda juu ya shimo na jiwe kwa wepesi. Inchi 19, kama XR150L ya Honda, imekaa katikati. Inchi 17 inaingia shimoni na kuuliza hali.

Ukifika Jomvu, Miritini, ukielekea Mwache, udongo unageuka. Ni ule wa kijivu, mzito, uliotokana na miamba ya matope ya zamani sana. Kiangazi ni mgumu kama sakafu. Masika ukishuka tu, sabuni. Hapo yanatakiwa meno yaliyoachana sana ili tope lichomoke tairi inapozunguka. Na kama huna hayo meno, shuka usukume. Dongo Kundu jina lake linajieleza, ila siku hizi ukikata kutoka Miritini kwenda upande wa Kwale unapita juu ya lami laini, na dongo lenyewe limebaki kwenye jina.

Halafu Mazeras. Mawe bapa ya Mazeras mnayakanyaga kwenye nyua za watu wenye nafasi. Kuanzia huko hadi Mariakani, Samburu, na ukiingia Kinango hadi Ndavaya, ukishaacha lami unakuta ardhi ngumu iliyomwagiwa punje za kokoto juu. Nisikilizeni sana hapa, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Wanaona kokoto, wanasema meno makubwa. Hapana. Jino kubwa linahitaji udongo wa kuzama, na hapa chini ni pagumu. Ni sawa na kutembea juu ya kunde zilizomwagika sakafuni; hata uvae gambuti utateleza. Kinachosaidia ni meno ya wastani, mengi, yaliyokaribiana, yenye kingo nyingi, na upepo uliopunguzwa kidogo ili tairi ilale na kuzikumbatia zile punje. Na mkono mwepesi kwenye breki. Hicho cha mwisho siuzi.

Kuna na zile sehemu barabara iliyojikunja kama bati la nyumba. Bati halichagui tairi, linachagua spoku. Kazeni spoku zenu. Tunaendelea.

Sasa kwa nini nasema mbele njia mbaya, nyuma njia nyingi?

Tairi ya nyuma ndiyo inayosukuma, ndiyo inayobeba abiria, na ndiyo inayoisha. Kwenye karakana yangu nimeona mbele moja ikizika nyuma mbili, pengine tatu. Tairi ya nyuma ikikosa mshiko kwenye changarawe, pikipiki inatikisa kiuno. Unaogopa, unapunguza moto, inarudi. Mara nyingi unapona, unafika nyumbani unasimulia. Tairi ya mbele ikikosa mshiko hakuna cha kusimulia. Kabla hujasema "eh" uko chini, na mtulinga umevunjika.

Kwa hiyo mbele usifanye ubahili wa meno. Ukipita sehemu mbaya hata kama ni kilomita kumi tu kwa wiki, mradi huwezi kuikwepa, mbele ivae tairi inayoiweza sehemu hiyo. Sisemi meno ya mashindano, yale laini ya kurukia vilima. Yale yatakufanyia kama yule kijana wa feri. Nasema tairi ya nusu kwa nusu. Watengenezaji huandika 50/50, au 80/20, namba ya kwanza mara nyingi ikiwa ya lami. Tena msizishike namba hizo kama aya. Hakuna mizani ya dunia nzima iliyozipima, ni makadirio ya mwenye mali kuhusu mali yake, na kila mchuuzi husema samaki wake ni wa leo.

Nyuma hesabu kilomita. Kama kati ya kilomita mia unazokwenda, themanini ni lami, nyuma vaa tairi ya lami yenye vitalu vikubwa vya mpira na mifereji mipana, isiyo na meno marefu. Itadumu, haitapiga kelele, na itasimama mvua ikinyesha Changamwe. Nataja Changamwe kwa makusudi. Malori ya bandarini yanamwaga oili barabarani msimu mzima wa kaskazi, vumbi linaifunika, kisha mvua ya kwanza inaifumua. Dakika kumi za mwanzo za mvua ile ni mbaya kuliko saa nzima ya gharika inayofuata. Meno marefu juu ya utelezi ule! Wallahi heri usimame kwenye kibanda unywe kahawa.

Mtaniuliza majina. Kwa pikipiki kubwa, Metzeler Tourance na Shinko 705 zimeegemea lami. Continental TKC 80 ina meno ya kweli, nayo inaliwa upesi kwenye lami. Heidenau K60 Scout ya Ujerumani na Mitas E-07 zinadumu sana. Kwenye saizi kadhaa za nyuma zimewekewa utepe wa mpira usiokatika katikati, ndio siri ya kudumu kwake, na utepe huohuo ndio unaopunguza mshiko kwenye tope. Mpira mgumu hudumu na huteleza, mpira laini hushika na huisha. Sijaona kiwanda kilichoshinda vita hivyo kikamilifu. Kwa pikipiki ndogo kuna Kenda K270, ya sura ya kizamani, vitalu vya wastani, na kwa njia za Kinango sioni haya kuipendekeza.

Tahadhari moja kabla sijasahau: kuchanganya mbele na nyuma ni halali, lakini msichanganye aina ya ufumaji. Tairi yenye herufi R kati ya namba ni ya radial; yenye kistari ni ya nyuzi za mshazari. Moja mbele na nyingine nyuma, pikipiki inayumba kwa njia usiyoielewa, labda kiwanda chenyewe kiwe kimeruhusu.

Hii hapa nimekuja nayo. Inueni macho. Imeandikwa 90/90-21 54S TT. Tisini ya kwanza ni upana, milimita 90. Tisini ya pili ni kimo, asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81. Ishirini na moja ni rimu. TT maana yake inavaliwa na tyubu. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa, ambao hapa hatuna pa kuutumia. Hiyo 54 ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayoua. Ni uzito. Hamsini na nne ni kilo 212.

Sasa chukua boda yenye tairi ya nyuma ya 3.00-17, imeandikwa 50P. P ni kilomita 150 kwa saa. Hamsini ni kilo 190. Pikipiki yenyewe tuseme kilo 120, wewe 70, abiria wawili 140, gunia 50. Jumla 380. Mzigo umekaa nyuma, kwa hiyo gurudumu la nyuma linabeba kama theluthi mbili: zaidi ya kilo 250 juu ya tairi iliyoapa kubeba 190. Mnacheka. Tairi haicheki, inapata moto ndani kwa ndani, na siku itakayopasuka mtasema ni hasidi.

Kuna na tarehe. Tafuteni namba nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu mwishoni mwa herufi za DOT. Kama ni 0923, tairi ilitoka kiwandani wiki ya tisa ya mwaka 2023. Mpira unazeeka hata usipotembea, na jua letu na chumvi ya bahari haviupi nafasi ya kupumua. Ile tairi iliyotundikwa nje ya duka tangu mwenye duka hajaota mvi, ikamwagiwa kipolishi ikang'aa, ikunje kwa vidole utazame ndani ya mifereji. Ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, irudishe msumarini. Mimi mwenyewe niliuziwa moja ya hivyo, sitaji na wapi. Ilikuwa na miaka tisa. Nilisoma tarehe baada ya kulipa, na mimi ndiye fundi. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Na wale wanaochukua tairi kipara wakaichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto: jamani, chini ya mpira ule kuna nyuzi tu. Unachonga nyuzi zinazoshika roho yako. Kuna vijiinuko vidogo ndani ya mifereji, ubavuni vimeonyeshwa kwa herufi TWI. Mpira ukilingana navyo, tairi imekwisha. Kwa mtu wa changarawe mimi nasema imekwisha zamani kabla ya hapo.

Nije kwenye upepo, maana tairi bora yenye upepo mbaya ni hasara tupu. Miaka ile nilikuwa napeleka vipuri Kinango na kwingineko ndani. Siku moja nimeambiwa njia ina mchanga, nikapunguza upepo mbele na nyuma hadi tairi zikalegea kama maandazi ya jana. Mchangani nilipita kama mfalme. Nikafurahi, nikasahau kuujaza tena. Mbele kidogo likatokea ngazi la jiwe, nikaligonga kwa kasi ya 50. Tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoka matundu mawili sambamba kama nyoka ameuma. Nilikuwa na kiraka kimoja! Nilisukuma pikipiki hadi karibu na magharibi, na mzee mmoja aliyenipa maji alinitazama, akaitazama tairi, akasema, "Kijana, upepo ni wa bure."

Pikipiki yako ina kibandiko, kwenye mkono wa gurudumu la nyuma au kifuniko cha cheni, kinasema geji isome ngapi. Hiyo ni ya lami, na ipimwe tairi ikiwa baridi, asubuhi kabla hujaondoka, si baada ya kutoka Voi kwenye jua. Kwa pikipiki nyepesi zenye tyubu, mimi nikiingia changarawe napunguza PSI nne hadi sita, PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji. Penye mawe sishuki chini ya 18. Mchanga mtupu, usio na jiwe, naweza kufika 15, na naendesha mwendo wa harusi. Nikirudi lami natoa pampu ya mkono najaza, hata kama nimechoka, hata kama giza limeingia. Tairi yenye upepo mdogo kwenye lami inajikunja kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakozaa moto. Pampu na geji ni vya kukaa chini ya kiti kabla hujafikiria taa za rangirangi.

Tyubu mbebe ya akiba. Kama mbele ni 21 na nyuma ni 18, na huna nafasi ya mbili, beba ya 21. Kwa dharura unaweza kuikunja ndani ya ile ya nyuma ikakufikisha mjini. Ya 18 haivutiki kwenda mbele. Tairi mpya nayo ina utando wa kiwandani unaoteleza. Kilomita mia za mwanzo usiilaze kwenye kona, wala usiijaribu kwenye mlango wa feri.

Naona dada hapo ameinua mkono. Sema, dada yangu.

Anauliza: anapeleka dawa kutoka hapa hadi Lunga Lunga kwa lami, na mara mbili kwa wiki anaingia Mwereni ndani. Pikipiki ni XR150L. Avae nini?

Swali zuri, na linajibu hotuba nzima. Lunga Lunga kwenda ni karibu kilomita mia, kurudi hivyohivyo. Njia nyingi ni lami, kwa hiyo nyuma, 110/90-17, tairi ya vitalu vikubwa isiyo na meno, namba ya uzito isipungue iliyokuja nayo kiwandani. Mbele, 90/90-19, nusu kwa nusu yenye meno ya wastani, kwa ajili ya Mwereni. Ukifika pa kuacha lami, simama, punguza upepo kidogo, dakika mbili. Ukirudi, jaza. Na masika, dada, kama tope limefika magotini, dawa ziende kwa trekta la kijiji. Hakuna tairi niliyoisahau kukutajia.

Yule kijana mlangoni, anasema tairi nusu kwa nusu haina sura, meno makubwa yanapendeza. Kipya kinyemi, mwanangu, sikukatazi. Nunua, weka mbele na nyuma, piga picha zako. Lakini niahidi kitu kimoja: ukifika Likoni shuka, sukuma pikipiki kwa mkono hadi uwe juu ya lami kavu. Na mwakani niletee nitazame kama vinywele vya pembeni vimekatika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi maneno yatosha, tufanye kazi. Mnaofunga tairi kwa gresi ili iingie rimuni, acheni, inakula mpira; sabuni inatosha. Nani alikuja na ile XTZ iliyochakaa mbele? Ilete hapa katikati, itiliwe stendi. Wawili waje wanishikie, mmoja anitafutie ndoo ya maji ya sabuni, na wengine sogeeni muone mshale ulioko ubavuni unatakiwa uelekee wapi.